Ushahidi wa Jumatano

Karani wa mahakama alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mwenye vidole vyepesi na mdomo mzito. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi mbele ya meza ya hakimu akichapa kila kilichosemwa, na hakuna wakili aliyewahi kusimama kudai ameandikiwa asilolisema.

Jumatatu, kesi ya ghala lililochomwa moto ikiwa ndiyo kwanza inaanza, kompyuta ya ofisi ilizima ikagoma kuwaka. Fundi alitaka wiki nzima. Hakimu akasema kesi haisubiri fundi. Ikabidi kaka yake karani, mstaafu wa kazi za mitambo, amwazime laptopu yake kuukuu, nzito kama tofali. Haikuwa na vipicha vya kubofya wala kipanya. Ilikuwa na kioo cheusi, herufi za kijani, na kistari kilichopepesa kikingoja amri.

"Hii haibembelezi mtu," kaka alimwonya. "Ukisema futa, inafuta. Haikuulizi kama una hakika. Kila jioni nakili kazi yako kwenye flashi."

Kufikia Jumanne karani na mashine hiyo walikuwa wameshazoeana. Jumatano mlinzi mzee wa ghala alitoa ushahidi kwa saa tatu, sauti ikimkwaruza. Kesho yake alikuwa anapasuliwa koo, na daktari alikuwa amesema asingeongea kwa wiki kadhaa. Kikao kilipoahirishwa, binti yake karani alipiga simu kwamba mtoto wake ana homa. Karani akatoka mbio kwenda kwa mjukuu wake. Flashi ikabaki kwenye droo.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikaa kusafisha rasimu zake. Aliandika amri ya kufuta, kisha neno "shahidi", akamalizia kwa kinyota, asijue kwamba kinyota humaanisha "na vyote vinavyoanza hivyo". Kistari kikarudi kupepesa, kimya. Alipoita orodha, ushahidi wa mlinzi haukuwamo.

Akampigia kaka yake simu.

"Kaka, nimefuta ushahidi wa jana."

"Toa mikono hapo. Usiandike hata herufi moja, wala usiizime. Nakuja."

Alikaa akiitazama mashine. Askari wa zamu alichungulia mlangoni. "Mama, mbona umekaa kama unayesubiri kung'olewa jino?"

Kaka alifika saa mbili na dakika ishirini, shati amelivaa nje ndani. Kikao kilikuwa saa tatu.

"Maneno bado yamo kwenye diski, ila mashine imesahau yalipo," alisema huku akichapa. "Nipe sentensi ya mzee, neno kwa neno. Ukikosea kidogo tu, haitaiona."

"'Mlango ulikuwa wazi.'"

Diski ikakoroma dakika nane. Patupu.

Karani akafumba macho, vidole vikicheza hewani kama anayechapa. "Hapana. Alisema, 'Mlango niliukuta wazi.'"

Diski ikakoroma tena. Saa tatu kasoro dakika tano mistari ikaanza kumiminika, na kaka akaielekeza kwenye flashi. Yote yalikuwamo isipokuwa ukurasa wa mwisho, uliogeuka vurugu ya alama.

"Mashine imeshaandika mambo mengine juu yake," kaka alisema. "Lakini si unaukumbuka? Jazia."

Aliukumbuka. Mzee alisema aliwaona wawili wakikimbia. Karani aliweka vidole juu ya herufi, kisha akaviondoa.

Hakimu alipoketi, karani alisimama, akaeleza kosa lake mbele ya wote. Hakimu alivua miwani. "Anapasuliwa saa ngapi?"

"Saa sita, mheshimiwa."

Saa nne na nusu hakimu, mawakili wa pande zote, washtakiwa na askari wao walikuwa wamekizunguka kitanda cha hospitali, karani amepakata laptopu. Mzee akarudia kwa sauti ya kunong'ona: "Niliwasikia wawili. Niliyemwona ni mmoja."

Mawakili walitazama madaftari yao, wakaitikia: hata jana alisema hivyohivyo.

Karani alichapa neno kwa neno. Kama angejazia mwenyewe, angeandika kwamba aliwaona wawili, na angeapa kuwa ndivyo alivyosikia.

Ijumaa alikabidhiwa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake. Aliisoma yote, akatia sahihi, akaenda kuwaita mashahidi wa siku hiyo.