Siku Fanta Zilipoletwa Bila Vifuniko

Enzi zetu sisi watoto wa Rumonge, kando ya ziwa, ukitaka kumjua tajiri ulitikisa mfuko wa kaptula yake ukasikiliza. Juzi mtoto wa kaka yangu amefungua fanta mbele yangu, kifuniko kikadondoka, naye akakipiga teke mpaka mtaroni bila hata kukitazama. Nilishtuka. Nilishtuka kweli, nikajikuta nimeinuka nusu kwenye kiti, mkono umeshanyooka wenyewe kwenda kuokota, mimi mama mtu mzima mwenye wajukuu. Akaniuliza, shangazi, una nini? Nikamwambia kitu alichokipiga teke, sisi tulikipigania mpaka damu za pua. Akafikiri kidogo, kisha akataka kujua kama mtu aliyekusanya vingi alikuwa anapewa mega za simu.

Basi niwaandikie nyinyi wa rika langu, maana ninyi hamtauliza habari za mega. Mnakumbuka kwetu soda yoyote iliitwa fanta, hata kama ni nyeusi tititi. Na kifuniko chake tulikiita bushoni, Kifaransa chetu cha mtaani. Bushoni ya fanta ya machungwa ilikuwa ya kila mtu. Ya fanta ya ndimu ilikuwa na heshima kidogo. Lakini utajiri wenyewe ulikuwa zile zilizovuka ziwa: za Kigoma, za Kongo, na zaidi ya zote za Zambia, zilizokuja na meli ya mizigo kutoka Mpulungu. Rafiki yangu Espe, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mitumbwi ya kwenda Baraka, upande wa Kongo, alikuwa hashikiki. Alikaa kwenye kibaraza chao na kikopo chake mapajani, sisi tukisimama mbele yake na kubembeleza. Bushoni moja ya Zambia aliitoa kwa viganja viwili vya zetu za kawaida, na hapo bado anakuambia amekuonea huruma.

Kulikuwa pia na za bia, na hapo ndipo balaa ya kwetu ilipoanzia. Sisi ni Waislamu wa mtaa wa Waswahili, bia haikuingia nyumbani hata kwa jina. Lakini bushoni za bia zilikuwa nzuri jamani, zinang'aa, zina rangi ambazo fanta haikuwa nazo. Tuliziokota nyuma ya baa tukakimbia nazo ziwani, tukazisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Mama alikuwa anatusubiri mlangoni. Alichukua bushoni moja moja na kuinusa, na ile aliyoikunjia pua iliishia chooni. Nadhani choo chetu kilikuwa ndicho choo tajiri kuliko vyote Rumonge.

Tulizifanyia nini? Afadhali uniulize hatukuzifanyia nini. Tulizigonga kwa jiwe mpaka zikawa bapa, tukazitoboa matundu mawili, tukapitisha uzi na kuvuta mpaka zikanguruma kama nyuki. Zilikuwa magurudumu ya magari ya makopo ya sardini. Zilikuwa timu za mpira. Mwaka wa kwanza mwalimu alitaka kila mtoto alete bushoni za kujifunzia hesabu, na kaka yangu Hamisi alifika na mfuko wa unga umejaa, akaulizwa kama amekuja kusoma au kufungua duka. Mchezo mkubwa ulikuwa wa kurusha: mnachora mstari, anayetua karibu zaidi anazoa zote. Wajanja walijaza bushoni zao sabuni ile nyeusi ya mawese ili ziwe nzito zisiyumbe. Tulicheza pale mahali walipoanika ndagala, mikono ikanuka samaki, nywele zikanuka samaki, na bado tulipoitwa kula bugali tulikwenda tukinung'unika. Mahali penyewe leo pamemezwa na ziwa. Nilikwenda kuwaonyesha wajukuu nikakuta maji yamefika kwenye minazi, nikabaki nimeshika mdomo.

Mfalme wetu wote alikuwa huyo Hamisi. Mimi nilikuwa mdogo wake, na juu yetu wote alikuwa dada yetu Zaituni, mtulivu, mwenye sauti ya chini hata uombe arudie. Hamisi hakuwa na utulivu. Akiona chupa mkononi mwa mtu mzima, alimfuata mpaka ikafunguliwa.

Kwenye sherehe ndipo palipokuwa na mavuno. Ninyi mnajua, lakini vijana hawajui: kwetu chupa haifunguliwi jikoni. Inaletwa mbele ya mgeni ikiwa na kifuniko chake, mgeni anaiona, ndipo inafunguliwa machoni pake. Sababu ilikuwa moja, na kila mtu aliijua bila kuambiwa. Sumu. Enzi zile mtu hakuumwa tumbo hivi hivi. Akiumwa, jina la mtu fulani lilitajwa kwa kunong'ona, na wengine walihama mtaa kwa ajili ya mnong'ono huo. Kwa hiyo kifuniko kilichodondoka mbele ya mgeni kilikuwa ndiyo amani yenyewe. Sisi watoto hatukuyajali hayo. Tulijua tu kwamba vikianza kudondoka, tunapita chini ya viti kama kuku na mwenye mkono mwepesi anapata.

Ikafika siku watu wa Nyanza-Lac wanakuja kumposa Zaituni. Nyumba ilipakwa chokaa, mikeka mipya ikatandikwa, mama akapika pilau tangu alfajiri na hakuna aliyeruhusiwa kuonja. Baba, fundi cherehani ambaye maisha yake yote aliogopa neno moja tu, aibu, alijishonea kanzu mpya. Jambo moja tu lilimsumbua mama. Muda mfupi kabla ya hapo, baba alikuwa amekataa posa ya kijana mwingine wa hapo hapo mtaani, na baba wa kijana huyo ndiye aliyekuwa na depo ya vinywaji. Kreti za fanta za siku hiyo zilitoka kwake. Mama alisema ziletwe kutoka Minago. Baba akasema jirani ni jirani, tukienda kununua kwingine tutakuwa tumetangaza ugomvi. Watu wote walijua habari hiyo, na kwa jinsi maneno yanavyosafiri kwenye barabara ya ziwa, sina shaka hata Nyanza-Lac waliijua.

Baba alimpa Hamisi kifungulio. Alisema kijana ana mkono mzuri, atafungua mbele ya wageni kwa adabu. Sisi wengine tulijipanga nyuma ya viti, tumechuchumaa, Espe ubavuni mwangu amekunja sketi tayari. Wageni wakasalimiana, dua ikasomwa, wakaketi. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, mzee Rajabu, mtu mnene, mwenye macho yasiyo na haraka. Binamu zetu wa kike wakatoka na sinia. Tukasubiri ule mlio, pwaa, na kifuniko kuruka. Hakuna mlio. Espe akaninong'oneza, "Zinafunguka lini?" Nikachungulia. Chupa zote zilikuwa wazi.

Mzee Rajabu aliipokea ya kwake, akatazama mdomo wa chupa, akaiinamisha kidogo, kisha akaiweka chini ya kiti taratibu. Aliyekuwa karibu naye akaweka ya kwake. Na mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa mstari. Sisi watoto na wazee wale tulikuwa tunatafuta kitu kimoja, ila wao walikuwa wanakitafutia uhai wao. Baba alimtazama mama aliyesimama mlangoni, mama akawatazama binamu, binamu wakatazama miguu yao. Hamisi haonekani.

Ndipo mzee Rajabu akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Ndugu yangu, kwetu chupa inafunguliwaka mbele ya mugeni. Vifuniko viko wapi?"

Baba akainamisha kichwa. Ile kanzu mpya ikawa kama imevaliwa na mtu mwingine, mdogo zaidi. Wageni wawili walikuwa wameshaanza kuvuta viatu vyao. Posa ilikuwa inaondoka, na jina la baba linaondoka nayo, maana habari ya namna hiyo haifi. Ingekaa juu ya nyumba yetu mpaka kwa wajukuu.

Pazia la chumbani likafunguka, akatoka Zaituni.

Mwari hatoki. Hatoki mpaka aitwe, na hata akiitwa anatoka amefunikwa na amezungukwa. Yeye alitoka peke yake, ushungi umeteleza mabegani, hina mbichi kwenye mikono. Nilimsikia shangazi mmoja akivuta pumzi kama aliyechomwa. Zaituni akapita katikati ya wazee, akapiga goti mbele ya mzee Rajabu, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa ile ile chupa. Akainywa. Hakuonja, aliinywa yote mpaka chini mbele ya macho yao, machozi ya gesi yakimtoka. Alipomaliza akapata kwikwi, akabaki amepiga goti na kwikwi yake, chupa tupu mkononi, ikiwa imetapakaa hina.

Mzee Rajabu alimtazama muda mrefu sana, nafikiri alikuwa anangoja aanguke. Hakuanguka. Kisha mzee akageuka kwa watu wake akasema, "Uyu ndiye tulikuja kutafuta. Munywe." Akanyoosha mkono apewe chupa nyingine. Wote wakanywa. Baba alikwenda nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Hamisi tulimkuta nyuma ya jiko, kofia yake imejaa bushoni. Alikuwa amefungua kreti zote huko huko ili sisi wengine tusigombanie hata moja, kisha akaketi kuzipanga kwa rangi. Alichapwa na baba, na mama, na shangazi, kwa zamu, na waliochoka walirudia. Na kwa kuwa dirisha la chumba cha Zaituni lilitazamana na jiko, jambo likaeleweka kwa wote: alimwona Hamisi akifungua, akajua fanta ni salama, akatoka. Tulimsifu kwa akili yake. Baba aliigeuza mzaha. Kila walipokutana, hata Zaituni alipokuwa na watoto wakubwa, baba aliwaambia wageni kwamba huyu binti yake ana kiu mbaya, aliona fanta ya posa akashindwa kungoja aitwe. Zaituni alicheka, akaenda kuleta chai.

Baba alitutoka mwaka jana. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, tulibaki sisi watatu nyuma ya nyumba tukiosha sufuria. Nikaanza kukisimulia kisa hiki ili tucheke kidogo. Nilipofika pale pa dirisha, Zaituni, bila kuacha kusugua, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Dirisha ilikuwa imefungwa. Walikuwa wananipaka hina."

Tukamwuliza sasa alijuaje. Nilimwuliza mara mbili, nikidhani sijasikia vizuri.

"Sikujuaka kitu, mudogo wangu. Niliwaza ni mwenye depo ameweka kitu. Nilichungulia kwa pazia, nikaona baba anaangalia chini."

Hamisi alikuwa ameshika sufuria. Yeye sasa ni mzee wa mvi, ana duka lake Gatete, watu humwita hajji. Aliiweka sufuria chini, akasimama, akaketi tena. Miaka yote ile tulimsifu kwa akili, na kumbe haikuwa akili. Binti wa watu alipiga goti akanywa kitu alichoamini huenda kitamwua, mbele ya wakwe zake watarajiwa na wazee wote, kwa sababu aliona kichwa cha baba yake kimeinama. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia baba hata mara moja. Akanishangaa. Akasema, angecheka tena vipi?

Enzi zetu zilikuwa za hofu, sitawadanganya watoto kwamba zilikuwa asali tupu. Siku hizi fanta inakuja kwenye plastiki, inamiminwa jikoni kwenye vikombe vya karatasi, na wageni wanakunywa macho yakiwa kwenye simu. Ungewapa maji ya betri wangekunywa na kupiga picha. Nashukuru hawaogopani kama sisi. Na wanapendana, wanatuambia kila asubuhi, kwa mioyo myekundu inayodunda kwenye kioo, nampenda shangazi, nampenda bibi, nampenda babu. Wajukuu wa baba walimtumia hiyo mioyo mpaka siku aliyofariki, na alifurahi, alituonyesha kila mmoja. Zaituni hakuwahi kumtumia hata mmoja. Na baba amezikwa akijua binti yake alikuwa na kiu.