Ubao wa Shule Mbili

Kabla ya kugusa kipanya, mwalimu wetu wa hesabu pale Moshi alipangusa vidole kwenye suruali, kana kwamba bado vina chaki. Mwaka ule, 2005, kompyuta yetu iliunganishwa na ya shule moja ya Kirua Vunjo, ambayo tangu Januari haikuwa na mwalimu wa hesabu. Alichochora yeye kilionekana kule, na walichochora wao kilionekana ukutani kwetu kwa projekta, polepole, maana mtandao ulikuwa wa kusuasua. Sisi tulikuwa mbele ya macho yake, lakini kila swali alianza na wao.

Siku moja mstari kutoka Kirua ulianza kukata pembetatu mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Tukacheka. Elisifa, kiranja wetu, akakimbilia kipanya.

“Amekosea, Mwalimu. Nifute?”

Mwalimu akaufunika mkono wa Elisifa kwa wake. “Usifute. Bado anaongea.”

Tukangoja. Mstari ukafika mwisho, chini yake zikafuata hatua tatu, na jibu. Mwalimu mwenyewe alikuwa ametumia saba. Akatoa daftari lake, akanakili taratibu, kisha akaandika kwenye ubao huo wa shule mbili: Wewe ni nani?

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hakuna aliyeinuka. Jina lilikuwa linakuja, herufi moja moja.