Matairi Mapana, Jina la Mwingine

Gari lile lilikuwa letu wawili. Nitasema hivyo mpaka nife, ingawa hakuna karatasi duniani inayokubaliana na mimi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi katika duka la matairi mjini Durban, kwenye barabara inayoteremka kwenda bandarini. Kwetu Bukavu nilikuwa na gereji yangu mwenyewe. Vita vilipoingia waliipora mpaka mlango wakang'oa. Durban nilianza kwa kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, nikipunga mkono kama mtu anayeaga meli, hadi siku moja mzee mmoja wa Kihindi aliponiona nikimbadilishia mama mmoja gurudumu lililopasuka. Akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nataka kazi ya kweli. Ndiye aliyekuwa mwenye duka.

Mtu wa pili katika habari hii tulimwita Mukubwa. Alitoka kwetu, alifika kabla yetu sote, na alikuwa ameoa mwenyeji. Alikuwa na kile kitabu cha kijani cha raia ambacho sisi tulikiona mikononi mwa wengine tu. Alikuwa na duka dogo la simu mjini, na kanisani kwetu alikuwa shemasi. Mimi na mke wangu tulipofika tulilala sebuleni kwake, mtaa wa Berea, mpaka tukapata chumba chetu. Mke wake alitupikia bila kununa. Nasema hayo mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuacha kuyasema.

Siku moja alikuja dukani akiwa na haraka. "Ndugu yangu, njoo uone kitu. Iko gari kwa skrepu, ya spoti, ya Wajapani. Imegongwa mbele tu. Injini iko nzima."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Lilikuwa gari jekundu la viti viwili, limelala kati ya mabaki ya teksi kama mgeni aliyekosea nyumba. Niliingia chini yake kwa mgongo. Chesisi ilikuwa imenyooka. Nilipotoka, Mukubwa aliusoma uso wangu.

"Tutalinunua pamoja," akasema. "Nusu yako, nusu yangu. Mikono yako, na pahali pa kulilaza pangu. Lakini liandikwe kwa jina langu, unaelewa? Wewe uko na karatasi ya ukimbizi. Pale ofisini watakuzungusha mpaka ufe."

Nilielewa. Karatasi yangu ilikuwa ya kuomba hifadhi, ya kwenda kugongwa muhuri kila baada ya muda mfupi, na ofisi ya magari walishaniambia hawaijui. Basi nikatoa nusu yangu ya bei, likaandikwa kwa jina lake. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Na mkigombana?" Nikamjibu kwamba mtu aliyekulaza kwake hawezi kugombana nawe kwa ajili ya gari.

Nililitengeneza gari lile karibu mwaka mzima, kila Jumamosi baada ya kazi na kila siku ya sikukuu. Lilikaa kwenye banda nyuma ya ghorofa yake. Radieta, taa, boneti, breki, vyote nilivitafuta nikavifunga kwa mkono wangu. Mukubwa alikuja jioni na chupa ya soda, akaketi juu ya ndoo akanieleza habari za kanisa. Sikuona vibaya. Tangu Bukavu sikuwa nimemiliki kitu ambacho sikuweza kukibeba mgongoni. Kuna Jumamosi nilikaa tu ndani yake, mlango wazi, sifanyi lolote.

Yakabaki matairi.

Yaliyokuwa juu yake yalikuwa membamba, yamekauka, yamepasuka ubavuni. Mukubwa alitaka mapana. Si mapana kidogo. Alitaka yale mapana kupita yote, yanayoonekana kwa nyuma mtu akiwa mbali. Alikuja dukani akaelekeza kidole kwenye jozi iliyokuwa ukutani, karibu upara, vijimistari vichache tu juu ya mpira.

"Yale. Ya mashindano."

"Yale ni ya njia kavu, Mukubwa," nikamwambia. "Durban inanyesha. Tairi pana likikosa mifereji linapanda juu ya maji. Usukani unaushika, lakini gari haliko nawe tena."

"Wewe unapenda kuogopa."

"Naogopa mteremko wa Berea siku ya mvua. Wewe huuogopi?"

Tulibishana hivyo wiki kadhaa, na naungama kwamba nilifurahia. Ilikuwa kama zamani, kwenye gereji yangu, mteja na fundi wakigombea kitu ambacho wote wawili wanakipenda. Nilimweleza kwamba upana peke yake si kitu. Rimu ikiwa nyembamba, tairi pana linabanwa kwenye kingo, linatuna katikati, na sehemu inayokanyaga barabara inakuwa ileile ya mwanzo. Kwa hiyo lazima tupate rimu pana kwanza. Halafu kuna madigadi: gurudumu likitokeza nje, siku gari linapozama kwenye shimo, ukingo wa bati unalikata tairi kama kisu.

Rimu nilizipata kwa mtu wa Chatsworth aliyekuwa anauza mabaki ya gari la mwanawe. Nilizisugua, nikazipiga rangi ya fedha. Kisha nikachagua matairi mwenyewe. Nilichukua mapana ya kutosha kujaza madigadi ya nyuma, na mbele nikashusha kipimo kidogo ili usukani usiwe mzito. Yalikuwa na mifereji mirefu iliyokutana katikati kama mgongo wa samaki, ya kusukuma maji pembeni. Mzee wa Kihindi aliyaagiza kwa niaba yangu, akakubali kuyakata kwenye mshahara wangu kidogo kidogo. Aliniuliza, "Hii gari ni yako?" Nikamwambia ndiyo. Nakumbuka nilivyolisema neno lile, kwa sauti.

Tuliyafunga Jumamosi, duka lilipokwisha kufungwa, mzee akituachia ufunguo. Matairi yenye ubavu mfupi ni magumu. Ubavu hauna nafasi ya kupinda, na ukilazimisha chuma unakwaruza rimu au unachana mpira ndani pasipoonekana. Nilipaka sabuni, nikaenda polepole. Nilimwonyesha Mukubwa mshale uliochorwa ubavuni, unaosema tairi lizunguke upande gani, maana ukilifunga kinyume ile mifereji inavuta maji ndani badala ya kuyatupa nje. Nilipotia upepo, kingo zikakaa kwenye rimu kwa mlio mmoja mkubwa, kisha wa pili, na Mukubwa akaruka nyuma akacheka. Nikayapima kwenye mashine, nikabandika vipande vya risasi vya kusawazisha uzito ndani ya rimu mpaka yakazunguka bila kutetemeka.

Upande wa nyuma kulia ulitusumbua. Nilimwambia Mukubwa akalie buti nami nikaangalia, na kweli ukingo wa madigadi uligusa. Nikaupasha moto taratibu rangi isipasuke, nikaingiza mpini wa jembe kati ya tairi na bati, nikamwomba asukume gari mbele na nyuma huku mimi nikiukandamiza ukingo ukunjike kwa ndani. Jasho lilitutoka wote wawili. Akakalia tena buti. Halikugusa.

"Eish," akasema, "wewe ni fundi, ndugu yangu. Fundi wa kweli."

Tukaweka jeki pembeni. Gari likasimama juu ya matairi yale kama kitu kilichokuwa kikisubiri miguu yake. Sikuwa na leseni ya kule, kwa hiyo aliendesha yeye, mimi nikaketi kushoto. Tulishuka hadi barabara ya bandarini, tukapita makreni na malori, tukapinda kona moja ndefu, na gari halikuyumba hata kidogo. Liliishika lami kana kwamba limeshonewa hapo. Kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, vijana wa teksi walitoa vichwa dirishani wakapiga mluzi. Nilitamani marehemu baba yangu angeniona.

Kesho yake Jumapili alikwenda nalo kanisani. Mimi na mke wangu tulifika kwa miguu. Watu walikuwa wamelizunguka uani, wanawake na vitenge vyao, wazee, watoto wakipapasa mpira. Mukubwa amesimama katikati na suti yake, akieleza.

"Matairi nilichagua mimi mwenyewe," alikuwa anasema. "Watu walitaka kuniuzia yale ya mashindano, nikakataa. Durban inanyesha. Mnaona hii mifereji? Inasukuma maji."

Nilisimama nyuma ya watu nikisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake. Kisha akaniona.

"Ndiye huyu!" akasema, akanishika bega kwa upendo. "Ndiye kijana wangu aliyenifungia matairi. Mukiwa na pancha, muende kwake."

Watu wakanitazama. Mama mmoja akaniuliza duka liko wapi. Nikamwelekeza. Mke wangu alikuwa ameniachia mkono.

Nilimfuata katikati ya wiki kwenye duka lake la simu. Nilimwambia kwa heshima kwamba nimeumia, na kwamba ingefaa watu wajue gari ni letu wawili. Alikuwa anahesabu kadi za simu, hakuinua macho.

"Letu kwa namna gani?"

"Mukubwa, nusu yangu. Na matairi bado nakatwa."

"Ulilala kwangu," akasema. "Wewe na mke wako. Mulikula. Mimi nilikuandikia nini? Nilikudai?"

Hakuna mizani ya kupima sebule na gari.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akatuita nyumbani kwake Berea, akatuombea kwanza, akatuwekea chai. Nilieleza kila kitu. Mukubwa alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo.

"Kama ni gari yake, iko rahisi. Aende polisi. Awaonyeshe ile karatasi yake, aseme gari ya spoti ni ya mukimbizi. Mimi sitamuzuia."

Nilimtazama mchungaji. Nilingoja amkemee. Mchungaji mwenyewe alikuwa na karatasi kama yangu. Alijua maana ya kuingia kituo cha polisi na karatasi ile. Alikoroga chai yake muda mrefu. Hatimaye akasema gari ni chuma, undugu ndio mali, na ndugu wasipelekane kwa wenye nchi. Akanitaka nisamehe. Kwa Mukubwa hakuomba chochote.

Tulisalimiana mlangoni kwa mikono miwili, kama kawaida yetu.

Baada ya miezi michache gari likauzwa kwa mtu wa Pinetown. Sikuambiwa, niliona banda liko tupu, wameanika nguo ndani. Nilikuwa bado nakatwa mshahara. Mzee wa Kihindi aliniuliza gari liko wapi, nikamwambia limeuzwa. Akasema hongera.

Mukubwa akafungua duka la pili la simu, kubwa, lenye vibanda vya kupigia simu kwetu. Alihitaji mtu wa kukaa kaunta, anayejua Kiswahili na Kifaransa, mwaminifu. Akampelekea salamu mke wangu kupitia mke wake.

Wakati ule mke wangu alikuwa akisuka nywele kando ya njia, akifukuzwa na askari wa manispaa, akirudi na miguu iliyovimba. Aliniambia habari ile akiwa amenipa mgongo, akichambua mboga.

"Utakwenda?" nikamuuliza.

"Unataka nisiende?"

Nilitaka asiende. Nilitaka achukue sufuria lile la mboga tulimwagie Mukubwa mlangoni.

"Duka lile ni gari langu," nikasema.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nitakwenda. Angalau mmoja wetu akalie kitu tulichokijenga."

Alikwenda. Alifanya kazi pale miaka, na aliifanya vizuri. Siku ambazo vibanda vilikuwa vitupu Mukubwa alimruhusu kupiga Bukavu bure, na kwa njia hiyo tukapata kusikia sauti ya mama mkwe wangu kabla hajafariki. Hilo nalo lazima niliseme. Tulikula kwa mshahara wake. Tulimnunulia viatu mtoto wetu, aliyezaliwa miaka ile. Sijawahi kuonja uchungu katika chakula kile, na hilo ndilo linaloniuma.

Jioni nilipotoka kazini nilipita kumchukua, maana mji haukuwa salama kwa mwanamke kutembea peke yake. Mara nyingi Mukubwa alikuwa mlangoni akishusha pazia la chuma. Amenenepa, ana miwani.

"Bonsoir, fundi wangu," alikuwa akiniambia.

"Bonsoir, Mukubwa," nikamjibu, kila jioni, na nikamsaidia kushusha pazia, kwa sababu lilikuwa zito na mke wangu alikuwa bado ndani akikusanya vitu vyake.