Spika za Fundi Kesho

Jina la Fundi Kesho alipewa na wateja wake, na alilistahili. Ukimpelekea suruali ya kupunguza kiuno, atakuambia njoo kesho. Ukija hiyo kesho, atakutazama kwa huruma kana kwamba wewe ndiye uliyekosea siku. Lakini ukishaivaa nguo aliyoshona, unasahau matusi yote uliyomwandalia njiani. Ndiyo maana hata sasa, na mvi zake, hajakosa kazi. Anaishi peke yake katika chumba kidogo cha uani: kitanda, cherehani, meza ya kukatia, kioo cha wateja, na juu ya kabati redio ya kaseti yenye spika iliyochanika, inayozungumza kama mtu aliyejifunika blanketi.

Ndani ya redio hiyo mna kaseti moja, na ndani ya kaseti mna marehemu mkewe.

Zamani, binti yao alipokuwa darasa la sita, alikuwa na ugonjwa wa kurekodi nyimbo redioni. Wenye umri wanayakumbuka mambo yale: kaseti tupu inatiwa kwenye kinasa sauti kilichowekwa mbele ya redio, vidole vinasubiri juu ya vitufe, na nyumba nzima inaamriwa kunyamaza kana kwamba kuna mgonjwa mahututi. Siku moja wimbo ulikuwa umefika katikati, mama mtu akaingia, akamwambia mumewe neno lake, wimbo ukaharibika. Mtoto akaangua kilio. Mwaka huohuo mama aliugua, ugonjwa wa haraka usiompa mtu nafasi ya kuaga, akafa. Nyimbo nzuri za kaseti ile zimeshasahaulika. Uliobaki ni ule ulioharibika.

Alichosema mama ni maneno matatu: "Nimecheka na wewe." Au: "Nimechoka na wewe."

Hapo ndipo penye kazi. Kati ya kucheka na kuchoka pana herufi moja tu, lakini mke aliyecheka na wewe na mke aliyechoka na wewe si mtu mmoja, hata kidogo. Redio ile mbovu ilisema choka. Uirudishe nyuma, uipige makofi, uisogeze dirishani, bado choka. Binti, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, alishikilia kwamba ni cheka. "Mimi nilikuwepo, baba," alisema kila mara. Fundi mwenyewe hakukumbuka kulisikia neno lile siku ile, wala hakumwamini. Binti alikuwepo, ndiyo, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye wimbo, na mtoto anayempenda baba yake hudanganya bila kupepesa macho.

Basi neno likamganda. Alilisikia mkasi ukikata kitambaa kizito, alilisikia maji yakichemka. Mara nyingine alikuwa anapiga pasi, akageuka kabisa kutazama mlangoni, maana aliyesema alikuwa karibu mno. Hakuwa mwoga wa wafu. Alichoogopa ni kwamba yule mwanamke aliondoka duniani akiwa amemchoka, na hakuna tena wa kumuuliza.

Binti akaona dawa ni spika mpya. Kwa kuwa watu walimwambia kizuri ni kikubwa, akamletea mbili zilizomfika baba yake kiunoni, pamoja na deki ya kaseti ya mitumba. Ilibidi meza ihamishwe ndipo zikaingia. Zikasimama pembeni mwa kitanda, migongo ukutani, kama mashemeji waliokuja kudai mali. Zilipowashwa, kioo cha dirisha kilitetemeka, sindano zikacheza ndani ya kopo, besi ikajaa pembe zote nne. Kisha mkewe akasema, kwa sauti nene iliyotoka kama chini ya sakafu, mpaka hewa ya chumba ikapungua: nimechoka na wewe.

"Zima," fundi alisema. "Zima, mwanangu."

Baada ya hapo kazi ilimshinda. Alishona mfuko wa shati juu chini, akaufumua, akaushona tena vilevile. Hatimaye wakazirudisha spika dukani.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye penseli sikioni. "Mzee wangu, zimekukosea nini?"

"Zinanguruma. Mimi nataka mtu akisema, nisikie anasema nini."

"Chumba chako kina ukubwa gani?"

Fundi akavua futi shingoni, akapima palepale sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta. "Kinaishia hapa."

"Loo! Ulivalishwa koti la jitu. Chumba kidogo ukikitia spika kubwa, besi inakosa pa kwenda, inajazana pembeni, na sauti ya mtu inazama humo. Chukua ndogo. Usizibandike ukutani, zivute mbele kidogo. Ziwe usawa wa masikio yako ukikaa, na zikutazame."

"Zinitazame?"

"Eee, mzee. Kama mtu unayeongea naye."

Neno hilo lilimtia baridi, lakini hakuondoka. Kaseti alikuwa nayo mfukoni, lakini hakuitoa, hakutaka mkewe asikilizwe na wapita njia. Aliomba awekewe mtangazaji wa habari. Spika za kwanza zilikuwa kali, kila herufi ya s ikichoma sikio. Za pili zilikuwa tamu ajabu: mtangazaji alisoma habari za mafuriko, ungedhani anakubembeleza ulale. Za tatu hazikuwa na mbwembwe. Zilimtoa mtu kama alivyo, mpaka ukamsikia akimeza mate.

"Baba, hizi tamu," binti alinong'ona, mkono juu ya zile za pili. "Chukua hizi."

Fundi alisimama mbele ya spika hizo. Alizitaka, moyo wake ulizitaka mno. Lakini alikuwa na kioo chumbani ambacho yeye mwenyewe alikiinamisha kidogo ili mteja ajione mrefu na mwembamba, na alijua jinsi watu wanavyotoka mbele yake wakitabasamu. Spika hizi zingempa neno lolote alilolitamani.

"Tufungie zile zisizo na mbwembwe," alisema.

Nyumbani wakaziweka juu ya meza ya kukatia, mbali na ukuta, zikimwelekea. Akakaa, mikono mapajani. Binti akabonyeza. Wimbo ukaanza, na kwa mara ya kwanza gitaa likasikika kuwa gitaa. Kisha, hapo mbele ya uso wake, kwa sauti yake ileile na pumzi yake, mkewe akasema:

"Nimecheka na wewe."

"Cheka!" Binti aliruka, machozi yakimtoka. "Ni cheka, baba! Ni cheka kweli!" Furaha ile ilimfichua: kumbe miaka yote naye hakuwa na hakika.

Fundi alitaka kucheka, na uso wake ukaanza. Kisha akainua mkono kumnyamazisha. Chini ya wimbo kulikuwa na mvumo ambao siku zote waliusingizia ukuukuu wa kaseti. Sasa ulisikika wazi, na hapana fundi asiyelijua cherehani lake. Lilikuwa linakwenda. Mkewe alisimama mlangoni akamwambia amecheka naye, na cherehani halikusimama, halikupunguza hata mwendo. Kikafuata kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa. Halafu sauti yake tena, chini, akiwa anageuka kuondoka:

"Hasikii."

Binti alikuwa ameshika mdomo. "Baba, nizime?"

"Nasikia," Fundi Kesho alisema, akiinama mbele mpaka paji la uso likakaribia kugusa spika. "Nasikia, mke wangu."

Ndani ya spika cherehani likaendelea kushona.