Jinsi Tulivyoiweka Jukwaani Sinema ya Baba Aliyepotea

Wahindi walipofukuzwa, mwenye ukumbi wa sinema wa Tororo aliondoka na masanduku mawili, akaacha mashine, viti na filamu moja tu. Ilikuwa sinema ya familia. Baba anapanda treni kwenda kutafuta kazi, anapotea, mama na watoto wanne wanabaki kumngoja, na mwishoni baba anafungua mlango wakati wanakula. Basi. Haina bunduki, haina hata ngoma. Ukumbi ukachukuliwa na bwana mmoja aliyejuana na wakubwa, na kwa kuwa hakuna filamu nyingine iliyokuja, alituonyesha hiyo hiyo kila Jumamosi mpaka tukajua baba anakohoa lini. Kisha mashine ikaungua, na vipuri havikuwapo, kama sabuni na sukari zilivyokuwa hazipo.

Bwana yule akaniita. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke niliyefundisha kwaya, na sifa yangu mjini ilikuwa ubishi. Alitaka sinema ile ichezwe na watu wazima kwa watoto, jukwaani, na ijae nyimbo, kwa sababu, alisema, hakuna atakayekaa saa mbili kusikiliza walimu wakizungumza tu. Hilo liliniuma. Hata hivyo nilikubali palepale, upesi kuliko inavyofaa kukiri. Miaka ile ya utawala wa askari watu walisalimiana macho yakitazama chini, nami nilitamani kazi yoyote isiyokuwa kupanga foleni.

Treni niliitengeneza kwa miguu ya wanakwaya na debe la changarawe. Safari ya watoto kumtafuta baba yao niliigeuza wimbo wa kubisha hodi, nyumba hadi nyumba, na kila mlango ukawajibu kwa sauti yake. Nilijisifu sana kwa hilo. Sehemu moja tu ndiyo iliyonishinda. Katika sinema, mama anaosha sahani, anaacha, anatazama dirishani. Uso wake unajaa ukuta mzima na chozi moja linashuka hadi kidevuni. Hasemi kitu, na kila Jumamosi ukumbi wote ulinyamaza hapo. Lakini jukwaani uso wa mtu ni kama kifuniko cha soda, na chozi halimfikii hata aliyekaa kiti cha mbele. Ilibidi aimbe. Aimbe nini?

Mama huyo alichezwa na jirani yangu. Nyumba zetu zilishikana ukuta, tukachota maji bomba moja, na bila sauti yake kwaya yangu isingekuwa kwaya. Mumewe alikuwa dereva wa lori kati ya Tororo na Busia. Miezi minane kabla, alisimamishwa njiani, wanaume waliovaa miwani ya jua wakamteremsha, na kesho yake lori likakutwa kando ya barabara, milango wazi. Yeye hakuonekana tena. Jirani yangu hakulia. Alisema mumewe amevuka, yuko Kenya, kuna mtu wa Buteba aliyemwona Busia ng'ambo akichagua viatu. Kila Jumapili alilipiga pasi shati jeupe la mumewe na kulitundika tena. Haya yote niliyajua. Nayaandika ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Alikubali kucheza kwa ajili ya mwisho ule wa baba kufungua mlango. Katika mazoezi ndiyo sehemu aliyotaka turudie, na tukiimaliza alicheka kama msichana.

Kwa ajili ya sahani na dirisha nilijaribu tuni tatu za kanisani. Zote zilikuwa tamu mno. Ndipo nikakumbuka kilio cha mjane cha watu wa upande wa mumewe, huko Kisoko. Mke huweka mikono kichwani, huzunguka nyumba, humwita mumewe na kumwuliza amemwachia nani watoto. Nilijua watu wa viti vya nyuma kabisa wataelewa kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Nilipomweleza, aliweka karatasi ya nyimbo chini.

"Mwalimu, hiyo si wimbo," aliniambia. "Hiyo kilio bibi nafungua kama bwana nakufa. Kama bibi hajafungua, hakuna mutu nalia."

Nikamjibu kwamba ni mchezo tu, na kwamba mwishoni baba anarudi. Nilimsumbua wiki mbili. Nilimwambia mwimbaji hachagui, huo ni upuuzi ambao nisingemwambia mtu leo. Akakubali, nadhani kwa sababu mimi ndiye mwalimu naye alikuwa amechoka.

Tulicheza Jumamosi mchana, ili watu wawahi kufika kwao kabla jua halijatua. Askari kadhaa walikaa mbele wakaicheka treni yangu vizuri. Katikati alikaa mama mkwe wa jirani yangu, aliyekuja kuuza njugu sokoni na kuvutwa na majirani aje amwone mkaza mwanawe akiimba.

Jirani yangu akaweka sahani chini, akapandisha mikono kichwani. Alianza nilivyomfundisha, kisha akaiacha tuni yangu. Hakumwita tena baba wa sinema. Alimwita mumewe kwa jina, akalitaja lori lake, akauliza nani atawapeleka watoto wake shule. Wanawake ukumbini wakaanza kumwitikia. Askari mmoja aliinama akatazama viatu vyake. Nami, nyuma ya pazia, nilifurahi. Niliona kazi yangu imefaulu.

Mama mkwe akasimama, akajifunga kitambaa vizuri, akatoka. Muda mfupi baadaye baba akafungua mlango, watoto wakamrukia, ukumbi ukapiga makofi. Mama mkwe hakuwapo kuona hayo.

Jumatatu mama mkwe alikuja na shemeji wawili kumchukua jirani yangu waende Kisoko kuzika. Mahali pasipo maiti, kwao huzikwa shina la mgomba. Nilikimbilia pale nikaeleza kwamba ulikuwa mchezo, kwamba kosa ni langu, kwamba mke hakulia kwa hiari yake. Nilijiandaa kugombana. Bibi yule alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akanishika mkono.

"Asante, mwalimu," akasema. "Miezi nane kilio nakaa hapa kwa kifua. Mama hawezi kufungua. Mi nangojea yeye tu."

Nilifuatana nao. Shina la mgomba walilivika lile shati jeupe lililopigwa pasi. Jirani yangu alinyolewa nywele, macho makavu. Kaburi lilipofukiwa, shemeji mkubwa akasema maneno ya desturi: mtu aliyekwisha kuliliwa, hata akirudi, haruhusiwi kuingia kwa mlango wa mbele, sharti atobolewe ukuta wa nyuma. Aliyasema haraka haraka, kama mtu anayemaliza orodha, na watu walikuwa tayari wanatafuta maji ya kunawa.

Mchezo wetu haukurudiwa. Jirani yangu aliacha kwaya, na bombani aliningoja niondoke ndipo asogee. Nilistahili. Nilimpokonya kitu pekee alichobaki nacho, eti viti vya nyuma vielewe.

Mwezi wa tatu hivi baada ya maziko nilisikia nyundo upande wa pili wa ukuta wetu. Nikadhani anaongeza jiko. Nilipozunguka uani nikamkuta fundi ametoboa ukuta wa nyuma na anapachika mlango wa mbao, bila kufuli, bila komeo, kipande cha kamba tu cha kuuvutia. Hayo mjini kwetu, wakati ambapo sote tulilala na kabati limesukumwa mlangoni. Nikamwuliza kama haogopi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Kisoko.

"Ule wa mbele mulifunga," akasema. "Sasa yeye atapita wapi?"

Kisha akamwambia fundi apunguze ubao wa kizingiti, mumewe ana tabia ya kuburuta miguu.