Kizuizi Kimoja, Lita Kumi na Nane

Saa kumi na mbili asubuhi, lori tatu zinanguruma nje ya ushirika mmoja wa maziwa mjini Kitale. Hakuna inayotoka. Madereva wanangoja karatasi ya njia kutoka kwa mtaalamu wa kompyuta wa ushirika, Emmy Nakhungu, 29, mzaliwa wa Mabanga, Bungoma.

Mizani nayo haingoji. Karani anataja kilo, "Kumi na mbili!" Mkulima anajibu, "Nimesikia!" Ndipo mkebe unaofuata unapandishwa.

Tangu mwaka jana, 2008, kompyuta yenye vichakataji viwili, yaani bongo mbili zinazofanya kazi pamoja, ndiyo hupanga njia za lori. Programu ya Emmy, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, mwanzoni ilichukua dakika hamsini, na maziwa ya mbali yakachacha.

"Ni hiyo 'nimesikia,'" anasema Emmy. "Kichakataji kimoja kikiandika kitu kwa kumbukumbu, kinasimama mpaka mwenzake aone. Hicho ni kizuizi. Kompaila, ile inageuza Java iwe lugha ya mashine, ilikuwa inakiweka kila mahali, hata pale hakuna mtu anangoja. Si ni kama karani aitikiwe hata akikohoa, bana!"

Kwa miezi minne aliirekebisha kompaila iondoe vizuizi visivyo na kazi. Dakika zikashuka hadi thelathini na tano. Watu wakampongeza, naye akavimba kichwa kidogo, anakiri.

Lakini haraka haraka haina baraka. Aliondoa kimoja kilichokuwa na kazi. Jumanne moja kichakataji cha pili kilisoma orodha ya vituo kabla mwenzake hajamaliza kuiandika. Kituo cha Misikhu hakikuwemo.

Huko, mjane Phelista Wekoye alingoja lori barabarani hadi adhuhuri, kisha akamwaga mtaroni lita kumi na nane zilizochacha. Ilikuwa karo ya mtoto.

Emmy alimwendea mwenyewe. "Mama, kosa ni langu, si la dereva."

"Mimi sijui hiyo kompyuta yako," Phelista alimjibu. "Najua tu ati hamkukuja."

Emmy anafuta macho akisimulia. Inauma.

Ijumaa kamati ya ushirika itaamua kama njia zirudi kupangwa kwa kalamu, na Emmy aende nyumbani. Yeye ataomba wiki mbili tu: karatasi ya kompyuta ilinganishwe kila asubuhi na ya mkono, na asiondoe kizuizi bila kuonyesha kwamba hakuna anayekingoja.

Kile kimoja amekwisha kukirudisha. Sasa ni dakika thelathini na sita.

"Hiyo dakika moja ni ya Mama Phelista," anasema. "Hiyo sitaipunguza."