Mbili na Saba Zilivyoniaibisha Mirontsy

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikinyamaza wapo Mirontsy wanaoisimulia vibaya zaidi. Ilikuwa miaka ile ya askari wa kukodiwa, wale wazungu, nami nilikuwa karani wa ghala moja Moroni, ghala lililoletewa mashine ya kusoma ile mistari myeusi ya kwenye katoni (minene kwa myembamba, na chini yake tarakimu kumi na tatu). Nilikuwa nimejifunza siri yake: tarakimu ya kwanza unaizidisha kwa moja, ya pili kwa tatu, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, unajumlisha, na ile ya mwisho ndiyo mlinzi, inaifanya jumla iishie na sifuri, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja tu mashine inakataa. Nikajiona mhandisi.

Baba wa mchumba wangu, mtu wa Mirontsy kule kisiwa cha Nzwani, akaagiza katoni sita za sharubati ya zabibu kwa ajili ya maulidi. Siku hiyo jicho la mashine lilikuwa bovu, nikaiingiza namba ya kwenye agizo kwa mkono, ikakubali, ikanitajia rafu. Mzee Bakari, mtunza ghala, akazishusha, akasema katoni za kiwanda kile zote zinafanana.

"Tufungue moja tutazame," akasema.

Nikamjibu kwamba mashine haipokei namba ya uongo (tena kwa Kifaransa, ili ajue nimesoma).

Nikasafiri nazo kwa meli hadi bandari ya Mutsamudu, nikakodi gari mpaka Mirontsy, nikaingia uani mashehe wameshakaa, nikaomba nizifungue kwa mkono wangu ili watu wamwone mkwe wao. Chupa ilikuwa na kizibo cha gome la mti, nikadhani ni sharubati ya bei kubwa, nikamjazia shehe gilasi. Akaisogeza mdomoni, akasita, akainusa, akaiweka chini polepole.

Baba mkwe akachukua chupa, akaisoma, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo ua mzima uliisikia: "Mwanangu, hii umemletea Mtume au wale askari?"

Ilikuwa mvinyo wa askari, ambao ghala letu liliwawekea. Niliporudi Moroni nilipiga hesabu: kwenye agizo palikuwa na mbili kisha saba, mimi nikaandika saba kisha mbili. Mbili mara moja na saba mara tatu ni ishirini na tatu, ukizigeuza ni kumi na tatu, tofauti ni kumi kamili, na kumi mlinzi haioni.

Harusi ilicheleweshwa mwaka mzima. Mke wangu amenisamehe, lakini mpaka leo nikimpelekea kinywaji chochote hunusa kwanza, nami nasubiri mpaka amalize.